KUKU ZA NYAMA NA MIKROBE YA SALMONELLA: KAZI INAANZA WAKATI NYUMBA IKO TUPU

Katika mafasi mingi ya inchi yetu watu wameanza kufuga kuku za nyama. Hatusemi juu ya kuku za kijiji zenye kutembea na kujitafutia chakula. Tunasema juu ya kuku za kizungu, zenye kufungiwa pamoja ndani ya nyumba moja, mia mbili, mia tano, hata elfu mbili. Zinaingia zikiwa vifaranga vya siku moja. Siku 35 ao 42 zikipita, kila moja inafika karibu kilo mbili, na zinauzishwa. Kazi hii inalipa masomo ya watoto wengi. Walimu wanaifanya, na waganga wenzangu vilevile, maana mushahara unaisha mbele ya mwezi kuisha.

Juu ya nini basi karatasi ya hospitali inasema habari ya kuku? Ni kwa sababu kuku inaweza kuwa nzima kabisa kwa macho, inakula, inanenepa, na ndani ya matumbo yake inabeba mikrobe yenye kuangusha watu. Mikrobe hii inaitwa Salmonella. Na ile dawa ambayo wafugaji wengi wanatia ndani ya maji ya kuku ili kuifukuza, mara mingi haiifukuzi. Inaizoeza dawa tu. Kisha siku moja mutoto analetwa kwetu na homa, tunamupa dawa, na ugonjwa hausikii.

SALMONELLA NI KITU GANI?

Ni jamaa kubwa ya mikrobe. Jina lilitoka kwa Daniel Salmon, muganga wa nyama wa Marekani. Theobald Smith, aliyetumika pamoja naye, aliiona katika nguruwe mwaka 1885. Leo wenye elimu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 2500. Wewe mufugaji, ujue makundi matatu tu.

Kundi la kwanza ni ile yenye kuleta tifoide. Hii inakaa ndani ya watu peke yao. Kuku haiwezi kukupa tifoide. Ninaandika neno hili kwa nguvu, maana kila juma tunasikia: “Alikula kuku ya kizungu, akashikwa na tifoide.” Hapana. Tifoide inatoka katika mavi ya mutu, inapita kwa maji, kwa chakula na kwa mikono.

Kundi la pili ni Pullorum na Gallinarum. Hizi zinaua kuku zenyewe. Vifaranga vinahara mavi meupe yenye kushikamana kule nyuma, vinasimama pamoja na kulia, vinakufa. Kuku kubwa zinapauka kichwa, hazikuli, zinakufa. Mwenyewe anaiona upesi, kwa sababu asubui anaokota mizoga.

Kundi la tatu ndilo linatuleta hapa: Enteritidis, Typhimurium na wenzao. Kwa kuku za nyama mara mingi hazionyeshi kitu. Mufugaji anafurahi, anauzisha, anasifiwa. Ugonjwa unatokea katika nyumba ya munnunuzi.

Mutu mukubwa mwenye nguvu akiipata, anahara, tumbo linamukata, iko na homa, na nyuma ya siku 4 mpaka 7 anapona. Kwa kawaida haombi antibiotike. Anaomba maji ya kunywa yenye chumvi na sukari ya ORS. Lakini mutoto chini ya miaka mitano, zaidi kama iko na malaria, ao bwaki, ao damu yake imepunguka, na vilevile mutu mwenye VIH, hawa mikrobe inaweza kupita ukuta wa matumbo na kuingia ndani ya damu. Hapo angalia sana: mara mingi mutoto huyu hahari hata kidogo. Iko na homa tu. Mama anasema malaria, tunapima, kweli malaria iko, tunatibu malaria, na homa inabaki.

Katika hospitali ya Kisantu, kule Kongo Central, wachunguzi wa INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Antwerpen, Ubelgiji, wamepima damu ya watoto kwa miaka mingi. Waliona kwamba Salmonella isiyo ya tifoide ndiyo mikrobe yenye kuonekana mara mingi zaidi ndani ya damu ya watoto wagonjwa, na wengi wao walikuwa na malaria pamoja. Ampisiline, kloramfenikole na kotrimoksazole, ndiyo dawa zile za zamani tulizotumainia, zimeshindwa karibu zote. Kuko sasa hata zenye kushinda seftriaksone. Katika Afrika watoto na watu wakubwa wenye Salmonella hii ndani ya damu, karibu 15 kwa mia wanakufa.

Tusiwekee kuku lawama yote. Wachunguzi wanafikiri kwamba ile aina ya Kisantu inapita zaidi toka mutu mpaka mutu. Lakini Salmonella zingine zinatoka wazi kwa kuku. Na antibiotike zetu ni zilezile: ile yenye kupotezwa ndani ya maji ya kuku ni ndugu ya ile tunayotafuta usiku kwa mutoto.

INAINGIA NJIA GANI?

Njia ya kwanza ni kifaranga chenyewe. Kuku mama yenye Enteritidis inaweza kuitia ndani ya yai mbele gamba halijafunga. Tena mavi ya mama yanagusa gamba, na mikrobe inapenya. Katika mashini ya kuangulia, kifaranga kimoja chenye ugonjwa kinapasua yai, manyoya na vumbi vinaruka, na wenzake wanavuta. Kifaranga cha siku moja hakina ulinzi: mikrobe chini ya kumi zinatosha kukishika. Kuku ya majuma mengi inaomba nyingi zaidi, kwa kuwa matumbo yake yamekwisha kujaa mikrobe njema zenye kukamata nafasi yote.

Neno hili la mikrobe njema lilionyeshwa wazi na Nurmi na Rantala kule Finlandi mwaka 1973. Walichukua vitu vya ndani ya matumbo ya kuku kubwa na nzima, wakavipa vifaranga, na Salmonella haikupata fasi ya kukaa. Lakini usisikie hii na kwenda kuchota mavi ya kuku ya jirani kutia ndani ya maji ya vifaranga! Walitumia kuku zilizochunguzwa. Wewe utawapa vifaranga magonjwa yote ya ile kuku pamoja na minyoo.

Vifaranga vyetu vinatoka mbali. Katika Mashariki vingi vinapita mipaka toka Uganda ao Rwanda, kule Lubumbashi toka Zambia. Vinakuja katika sanduku za karatasi, vimechoka. Mbele ya kulipa, uliza mwenye kuviuzisha: kuku mama zilipimwa Salmonella? Zilichanjwa? Kuko karatasi ya muganga wa nyama? Pengine atakuangalia kama mutu mwenye kuuliza maneno ya kizungu. Uliza tu. Wafugaji kumi wakiuliza, wa kumi na moja atakuta karatasi iko tayari. Sanduku zikifika, choma zile karatasi za ndani, usizipe watoto kuchezea.

Njia ya pili ni chakula. Watu wa pande za maziwa wanachanganya mahindi, soya na samaki kidogo zilizokaushwa, sambaza ao ndagala. Chakula hiki kinajenga kuku vizuri. Lakini angalia fasi samaki zinakaushwa: juu ya muchanga, ndege wanatembea juu yake, mbuzi na mbwa wanapita. Karibu mwaka 1970 unga wa samaki toka Peru ulibeba Salmonella iitwayo Agona. Kuku zilikula unga ule, na nyuma yake watu wa Marekani, Uingereza, Uholanzi na Israeli wakaugua. Unga ulitoka upande mmoja wa dunia, ugonjwa ukatokea upande mwingine!

Basi nunua samaki zilizokaushwa juu ya vitanda vya waya. Kuzikaanga kavu si hakika, maana mikrobe ikikauka inavumilia moto kuliko ikiwa na maji. Ni vizuri zaidi kuzitia kwanza ndani ya maji yenye kuchemka dakika kumi, kisha kuzikausha upya juu ya waya, na kuzisaga wakati zimekauka kabisa. Tena usirudishe chakula kilichochemshwa ndani ya mufuko ule wa zamani. Hapo kazi yote inapotea.

Njia ya tatu ni panya. Punje moja ya mavi ya panya mudogo inaweza kuchukua mikrobe zaidi ya laki moja. Panya anakaa katika stoo usiku, anakula chakula, anakunywa katika chombo cha kuku, na wakati nyumba iko tupu anabaki akingojea kundi jipya. Ukisafisha nyumba na kuacha panya, umemwachia panya ufunguo. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, majani yakatwe hatua nyingi kuzunguka nyumba, matundu yafungwe na simenti, mitego iwekwe. Vilevile kuko vile vidudu vyeusi vidogo vinavyokaa ndani ya maranda chini ya vyombo vya chakula. Navyo vinabeba Salmonella toka kundi moja mpaka lingine, kwa sababu vinajificha ndani ya mbao na kurudi.

Njia ya ine ni mutu. Juu yake tutasema mbali kidogo.

ZILE KUKU ZILIZOBAKI

Hapa ndipo karibu wote wanaanguka, hata wenye kusoma sana. Mufugaji iko na kuku 300. Siku ya 40 imefika. Munnunuzi anachukua 100, wa arusi anachukua 50, kisha kila siku watu wanakuja kuchukua mbili, tatu. Juma la tisa bado kuko 30 zenye kuzunguka. Vifaranga vipya vimefika sokoni, bei ni nzuri, na yeye anaogopa kukosa. Anapiga ukuta wa mbao katikati ya nyumba, anatia vifaranga upande mmoja, wale wakubwa upande mwingine. Mutumishi ni mumoja, ndoo ni moja, viatu ni vilevile.

Mambo yote yaliyokuwa ndani ya matumbo ya zile 30 sasa yatapita kwa vifaranga, siku ileile ambayo hawana ulinzi. Kundi hili litapitisha kwa lingine, na lingine kwa lingine. Nimeona nyumba ambayo haikupata hata siku moja ya kuwa tupu kwa miaka miwili. Mwenyewe alikuwa akinunua antibiotike kila mwezi na kusema hewa ya mahali pale ni mbaya.

Sheria ni hii: zote zinaingia siku moja, zote zinatoka, na nyumba inabaki tupu kwa siku 14 nyuma ya kusafishwa. Ninajua mutakavyosema: “Makuta ya kununua zote siku moja, nani iko nayo?” Ni kweli, sokoni kwetu watu hawana frigo, na munnunuzi anataka kuku yenye uzima. Basi kuko njia tatu. Kwanza, punguza kundi: kuku 150 zenye kuisha kwa juma moja zinakupa faida kuliko 300 zenye kubaki majuma matatu, maana kuku ya siku 60 inakula sana na haiongezi kilo kwa kipimo kilekile. Pili, jenga kibanda kidogo cha kuuzishia, mbali na nyumba, upande wa barabara. Siku ya 42 zote zilizobaki zinahamia kule, na hakuna inayorudi. Tatu, wafugaji wa mutaa mumoja wapatane, kila mumoja anaingiza vifaranga juma lake, hivi soko linakuwa na kuku kila wakati pasipo mutu kuwa na makundi mawili ndani ya nyumba moja.

Nafikiri kibanda cha kuuzishia ndiyo njia inayofaa watu wengi. Bati mbili na mbao kidogo zinatosha.

WAKATI NYUMBA IKO TUPU

Kusafisha kuna utaratibu wake, na utaratibu ni dawa kuliko dawa yenyewe. Javeli inakufa ikigusa mavi. Mutu anayemwanga javeli juu ya sakafu chafu amemwaga makuta yake.

Toa kwanza vyombo vyote inje. Toa maranda yote na mavi, uvipeleke mbali, upande maji ya mvua hayarudi kwa nyumba wala kwa kisima. Vikusanye lundo kubwa, uvinyeshe kidogo, uvifunike. Lundo likifanya kazi vizuri linapata moto ndani, digri 55 na zaidi. Ligeuze mara kadhaa ili ile ya inje iingie ndani. Kisha ni mbolea nzuri ya mahindi. Mavi mabichi yasitiwe katika bustani ya nyanya na saladi.

Ndani, anza juu: chini ya bati, juu ya mbao, waya za madirisha, kule buibui wanakaa. Vumbi inalala pale, na Salmonella inaweza kuishi ndani ya vumbi kavu miezi mingi. Shuka ukutani, malizia sakafu. Kisha lowanisha yote na maji na sabuni, uache yalainike, usugue na brosi, usuuze. Sasa acha ikauke. Watu hawapendi kungoja, wanatia dawa juu ya maji, na dawa inapunguka nguvu.

Ikiisha kukauka, tia dawa ya kuua mikrobe. Watu wa Beni, Butembo na Bunia wanajua maji ya klore ya 0,5 kwa mia tangu ile Ebola ya miaka ya 2018 mpaka 2020. Ni kipimo kilekile kwa ukuta na sakafu safi. Kama javeli yako ni ya 5 kwa mia, tia kipimo kimoja cha javeli na vipimo 9 vya maji. Kama ni HTH ya 70 kwa mia, gramu 7 kwa litre moja. Fanya maji haya siku ileile ya kuyatumia, ufungue madirisha, usiyachanganye na asidi wala dawa ingine yoyote, maana moshi wake unaweza kuua mutu. Nyuma yake paka ukuta chokaa. Sakafu ya udongo ni ngumu kusafisha. Kwangua udongo wa juu, utoe, utie chokaa. Makuta ya faida ya kundi la kwanza, weka simenti.

Vyombo vya maji na chakula, sugua, suuza, tia ndani ya javeli, anika juani. Jua ni musaidizi asiyelipwa.

Siku 14 zianze kuhesabiwa hapo, wakati yote imekauka na mulango umefungwa. Mbwa asilale ndani, baiskeli isiwekwe ndani, wala mahindi ya shamba. Maranda mapya na makavu yaingie siku moja ao mbili mbele ya vifaranga.

MULANGO

Ndani ya nyumba kuko viatu vya ndani: sandali za plastiki ao buti, zisizotoka kamwe. Weka ubao mumoja wa kuvuka kwa mulango, urefu wa goti. Upande wa inje unaacha viatu vya njia, unavuka, unavaa vya ndani, unanawa mikono na sabuni. Njia hii inashinda lile bakuli la dawa ambalo watu wanakanyaga. Nimeona mabakuli mengi ya namna hii, maji yake yamekuwa rangi ya chai, mavi yanaelea. Maji yale yanapanda mikrobe juu ya viatu.

Wageni wasiingie. Hata muchungaji. Hata sisi waganga, ambao tunatoka kwa wagonjwa na nguo zetu. Zaidi ya wote, munnunuzi na vikapu vyake vya kubebea kuku: vikapu vile vilikuwa jana kwa mufugaji mwingine na usiku sokoni. Vibaki barabarani, wewe ndiwe umuletee kuku.

Madirisha yawe na waya wa matundu madogo ili ndege wa inje wasiingie. Kuku za kijiji zisizunguke nyumba. Na watoto wadogo wasichezee ndani, wala wasipewe kifaranga kubusu.

Maji ya kunywa yatoke katika tanki yenye kufunikwa. Kama ni ya muto ao kisima, tia javeli ya 5 kwa mia, mililitre 1 kwa litre 10, na sugua vyombo kila siku. Lakini siku ya kutoa chanjo ya Newcastle ao Gumboro kwa maji, acha javeli siku mbili mbele, ama itaua chanjo. Chombo kiinuliwe kadiri ya mugongo wa kuku, kila juma kidogo, ili zisikunye ndani. Maranda yenye kulowana yatolewe. Ukiyafinya mukononi na yakabaki donge, yamelowana kupita.

DAWA NDANI YA MAJI

Sasa neno juu ya antibiotike. Sokoni kuko poda za tetrasikline zenye picha ya kuku nzuri, kuko enrofloksasine, kuko kolistine. Wengine wananunua hata vidonge vya watu na kuvipasua. Wanatoa siku ya kwanza mpaka ya tano “kwa kuzuia”, pasipo ugonjwa.

Nini inatokea? Mikrobe njema za kifaranga, zile zilizotaka kuanza kukaa, zinakufa. Nafasi inabaki tupu. Salmonella ikifika, inakuta nyumba bila mwenyewe. Kama ilikuwa imekwisha kuingia, dawa inaipunguza tu. Dawa ikiisha, inarudi, na ile iliyorudi ndiyo yenye nguvu kushinda dawa. Enrofloksasine ni ndugu wa siprofloksasine tunayotoa kwa watu. Yenye kushinda moja inashinda nyingine. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza enrofloksasine kwa kuku mwaka 2005. Katika Ulaya ni marufuku, toka mwaka 2007, kutumia antibiotike kama njia ya kuzuia Salmonella kwa kuku.

Je, inawezekana kuishinda pasipo dawa hizi? Swedi wanaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1953 nyama iliyotoka katika nyumba ya kuchinjia ya Alvesta iliugulisha watu karibu 9000, na karibu 90 wakafa. Haikuwa kuku, lakini inchi yote ilishituka. Walifanya sheria mwaka 1961, na mwaka 1986 wakaacha kutia antibiotike katika chakula cha nyama kwa kuzikuza. Kundi la kuku linapimwa mbele ya kuchinjwa. Salmonella ikionekana, kuku zote zinauawa, nyumba inasafishwa na kupimwa upya. Leo ni chini ya kundi moja kwa mia lenye kuonekana nayo. Sisi hatuna makuta ya kulipa mufugaji aliyeua kundi lake. Lakini ubao wa mulangoni, viatu, chokaa na siku 14, hivi si vya Swedi peke yao.

Kuku zikigonjwa kweli, ita muganga wa nyama, afungue muzoga aone. Kifo cha karibu 1 kwa mia katika juma la kwanza ni cha kawaida. Kikizidi sana, usingoje. Kama laboratwari ya nyama iko karibu, wanaweza kupima Salmonella kwa njia nyepesi: unavaa soksi safi juu ya buti, unatembea nyumba yote, wanapima zile soksi. Inafaa kufanyika katika majuma matatu ya mwisho, mbele ya kuuzisha. Dawa ikitolewa kwa lazima, andika katika kitabu tarehe, jina na kipimo, na usichinje mbele siku zilizoandikwa juu ya chupa hazijaisha. Mizoga ichomwe ao izikwe chini sana. Haipewi mbwa, wala haiuzishwi bei ya chini kwa wenye mikahawa. Munanielewa.

SIKU YA KUCHINJA

Toa chakula masaa 8 mpaka 12 mbele, uache maji. Matumbo yakiwa matupu hayapasuki upesi juu ya nyama. Usipitishe masaa hayo, maana kuku yenye njaa inaanza kula maranda yenye mavi, na koo linajaa mikrobe. Maji ya moto ya kunyonyolea yabadilishwe mara kwa mara. Kuku ya ishirini katika sufuria ileile inaogeshwa katika mavi ya kumi na tisa.

Jikoni, kisu na ubao wa kuku mbichi visikate nyanya wala pilipili ya kula mbichi mbele havijasafishwa na sabuni. Frigo hailui Salmonella, inailaza tu. Moto ndio unaiua: nyama ipikwe mpaka karibu na mufupa hakuna rangi ya damu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Mama mumoja iko na kuku 25 zilizobaki katika 300. Vifaranga vipya vinafika kesho kutwa. Afanye nini na zile 25, na amwambie nini mwenye vifaranga?

2. Munnunuzi anafika kwako na vikapu kumi juu ya pikipiki. Onyesha fasi ambayo atasimama.

3. Vifaranga 12 vimekufa katika 200, juma la kwanza. Jirani anakuletea tetrasikline aliyobakisha. Utamujibu nini, na utamwita nani?

4. Hesabu viatu vyote vilivyoingia ndani ya nyumba yako ya kuku jana. Mbele ya kuingia, vilitembea wapi?